Mama Vijiwe na Ukurasa wa Juno

Mume wake aliuawa na fahali saa mbili asubuhi, siku ambayo mwenyewe alikuwa ameiandika kuwa njema.

Alikuwa mchinjaji, mtu mnene mwenye shingo fupi, na jioni aliwaangalizia watu nyota. Alikuwa na kitabu kimoja kikubwa cha kigeni alichokinunua kwa muuza vitabu vikuukuu, chenye majedwali ya miaka mingi ya jua, mwezi na sayari. Asubuhi ile alikifungua akaona sayari ya Mshtarii imekaa pema. Akamwambia mkewe leo hakuna baya, akavaa buti zake akaenda kazini. Fahali akakata kamba akiwa tayari kwenye sakafu ya kuchinjia, akamsukuma mchinjaji mpaka ukutani, akambana hapo kwa paji la uso. Waliokuwapo walisema ilisikika kama mtu anavunja kuni mbichi. Mnyama alipigwa shoka la utosi mara tatu ndipo akamwacha. Mchinjaji akateremka na ukuta polepole mpaka akakaa chini, macho wazi, damu ikimtoka masikioni.

Mkewe alikuwa amesoma mpaka kidato cha pili, na alikuwa na tabia ya kutaka kujua hesabu imekosewa wapi. Wiki chache baada ya mazishi akakifungua kile kitabu kutafuta kilimdanganyaje mwenyewe. Kurasa za mbele zilikuwa zimechakaa kwa vidole vya marehemu. Za nyuma zilikuwa safi kama zimetoka dukani jana. Humo yalikuwamo majina manne ambayo mumewe hakuwahi kuyashughulikia: Seresi, Palasi, Juno na Vesta. Marehemu alikuwa akiyaita takataka za mbinguni, vijiwe tu vinavyozunguka kati ya Mirihi na Mshtarii, vidogo hata mtu huzaliwa akafa asivione. Mjane akaitafuta ile tarehe. Palasi ilikuwa imetazamana na Mirihi, sayari ya vita na visu, uso kwa uso, digrii kwa digrii.

"Mdharau mwiba, mguu huota tende," alisema, na tangu siku hiyo nyota kubwa akawaachia wengine.

Machinjioni walimpa kazi kwa kumhurumia. Akawa mpiga mhuri. Bwana Nyama, yaani mkaguzi, alitangulia akipasua maini na kubonyeza mapafu, naye akamfuata na mhuri wa wino wa zambarau akigonga kwenye paja na kwenye bega. Nyama ikipita mkononi mwake imehalalishwa kuuzwa. Isipopita inamwagiwa dawa na kufukiwa. Alifanya kazi hiyo miaka kumi na minane, akiwa na kalamu sikioni, na hakuna siku hesabu yake ya mihuri ilipishana na hesabu ya vichwa.

Nyumbani alikinakili kile kitabu, kwa sababu mchwa walikuwa wameanza kukila. Alinunua daftari la jalada gumu akalipigia mistari kwa rula. Kwanza aliandika kwa kalamu ya bluu: juu ya ukurasa jina la kijiwe, mwaka, na buruji kilimoanzia, yaani fungu la nyota la digrii thelathini kama Kondoo au Mizani, chini yake tarehe za kila siku ya kumi na digrii zake. Akishamaliza daftari zima alirudi na kalamu nyekundu kutia alama mahali ambapo kijiwe kinavuka kutoka buruji moja kwenda nyingine na digrii kuanza upya kwenye sifuri. Ilimchukua miaka miwili. Alikagua, akakagua tena, kisha kile kitabu cha kigeni akakifunga kwenye mfuko wa nailoni na kukitia chini ya kitanda.

Sisi wapangaji wenzake tulimwita Mama Vijiwe, naye hakukataa. Ukimuuliza alikueleza bila haraka: Seresi ni mama na chakula, Palasi ni akili na silaha, Vesta ni jiko na kazi, Juno ni ndoa.

"Sayari kubwa ni kama serikali," alisema. "Inapita juu yako wala haikujui. Vijiwe ni kama majirani. Vinajua umepika nini."

Machinjioni walimtania sana hapo awali. Mpasua mifupa, yule wa msumeno wa umeme, kila akimwona alimuuliza kijiwe chake leo kimeangukia wapi, kwenye supu au kwenye mchuzi. Siku moja Mama Vijiwe akamjibu kwa upole kwamba Jumanne na Jumatano asiuguse msumeno. Jumanne jamaa alifanya kazi huku akiimba jina la Mama Vijiwe. Jumatano, saa nne kasoro, msumeno ulikwenda na ubavu wa ng'ombe pamoja na vidole vyake viwili. Vilipatikana kwenye ndoo ya mifupa, kimoja bado kina pete. Bwana Nyama mwenyewe ndiye aliyevitoa, akavifunga kwenye karatasi.

Baada ya hapo hakuna aliyecheka. Walianza kuja mmoja mmoja, wakiwa wamevua kofia, na neno lake likawa zito kuliko la daktari.

Alikuwa amemlea mtoto wa dada yake, binti aliyeachiwa akiwa na miaka minne. Binti huyo alikuwa fundi cherehani, mshonaji wa sare za shule, mwenye ulimi mwepesi na mguu mwepesi kwenye pedali. Aliolewa na mchunaji wa pale pale machinjioni. Mchunaji yule alikuwa bingwa wa kazi yake. Kisu chake kilikuwa kifupi, kimepinda, na alikuwa akimvua ng'ombe mzima ngozi bila kuacha tobo hata la sindano. Ngozi zake zilitundikwa wanafunzi wazione. Lakini hasira zake zilikuwa karibu. Aliwahi kumvunja mtu taya kwa kukanyaga ngozi aliyoitandaza. Alikuwa amekwisha kumpiga mkewe kofi mara mbili, na mara ya pili Mama Vijiwe alimwita kando.

"Baba," alimwambia, "mwanangu si ngozi."

Mchunaji aliinamisha kichwa, akaomba radhi kama inavyotakiwa kwa mkwe, akaleta na kanga mbili.

Jumamosi moja adhuhuri, kazi imekwisha, alikuja chumbani kwa Mama Vijiwe akiwa bado ananuka mafuta ya ng'ombe. Alikaa kwenye kigoda, akasema anataka aangaliziwe ndoa yake. Hana amani, alisema. Mke anacheka na wateja, mke anachelewa sokoni, na yeye si mjinga.

Mama Vijiwe angeweza kumkatalia. Mganga hamtibu wa nyumbani mwake, na hilo watu wote wanalijua. Lakini alikuwa na kiburi kimoja tu maishani, nacho kilikuwa kwenye daftari lile.

"Vijiwe havina undugu," alisema, akalifungua.

Alimuuliza tarehe ya kuzaliwa, akashuka nayo kwa rula mpaka kwenye mstari wake. Mirihi, ambayo nayo aliinakili, ilikuwa digrii ya tatu ya Kondoo. Akafungua ukurasa wa Juno wa mwaka ule. Juu paliandikwa Mizani, na kwenye mstari wa tarehe ile paliandikwa tatu. Digrii ya tatu ya Mizani ndiyo inayotazama digrii ya tatu ya Kondoo. Kwa hesabu zake, Mirihi ikiikabili Juno kuna mgeni ndani ya ndoa. Alikuwa hajawahi kuona ndoa iliyotazamana na kisu sawasawa namna ile.

"Inasemaje?" mchunaji aliuliza.

"Ndoa yako ina mtu wa tatu," alisema Mama Vijiwe. "Vijiwe havitaji jina."

Mchunaji alishukuru. Alitoka akavifunga viatu vyake vizuri nje ya mlango, kamba baada ya kamba.

Yaliyofuata tuliyasikia kutoka kwa binti mwenyewe, na baadaye akayarudia mahakamani neno kwa neno. Alikuwa anashona mikunjo ya sketi. Mumewe aliingia, akafunga mlango, akamuuliza ni nani. Binti akauliza nani nini. Alipigwa kwanza kwa mpini wa mkasi mkubwa, mdomo ukapasuka na jino likalegea. Alipoanguka alipigwa mateke ya mbavu. Kisha mume akamvuta kwa nywele mpaka kwenye cherehani, akaushika mkono wake wa kushoto, akauweka chini ya sindano, akaanza kulizungusha gurudumu kwa mkono. Mzunguko mmoja, anauliza jina. Mzunguko mwingine, anauliza jina. Sindano ilipita kwenye nyama ya kiganja mara saba. Katika ile ya saba binti akataja jina lolote lililomjia, ili mkono usimame. Jina lililomjia lilikuwa la muuza vifungo aliyefariki miaka miwili iliyopita. Mumewe alikuwa amelibeba jeneza lake.

Mchunaji aliliacha gurudumu. Alisema sasa anachezewa, na kwamba anakwenda kuleta kisu. Visu vya kazi hufungiwa machinjioni, mwendo wa nusu saa kwenda na nusu saa kurudi. Binti aliuchomoa mkono kwenye sindano, akatoka kwa dirisha la nyuma.

Alimkuta Mama Vijiwe anafua. Mama akamwingiza ndani, akamuosha kiganja kwa maji ya chumvi, akamfunga kitambaa. Alipomaliza akamuuliza swali analolijutia mpaka leo.

"Mwanangu, ni nani huyo?"

Binti alimtazama kwa jicho moja, la pili lilikuwa limevimba na kuziba.

"Mama mdogo. Hata wewe?"

"Daftari linasema."

"Basi kitoe kile kitabu kikubwa. Kama nimeandikwa, nionyeshe niseme nimekufa kwa ajili ya nini."

Alikivuta kitabu chini ya kitanda, akakitoa kwenye nailoni. Mchwa walikuwa wamekula pembe, lakini ukurasa wa Juno ulikuwa mzima. Akaweka kidole, akashuka nacho. Ishirini, ishirini na tatu, ishirini na saba, sifuri. Pembeni ya ile sifuri, kwa herufi ndogo za chapa, ilikuwapo alama ya Nge. Kisha tatu.

Alilifungua daftari lake hapo hapo. Ishirini, ishirini na tatu, ishirini na saba, sifuri, tatu. Wino wa bluu mtupu. Kurasa mbili za daftari zilikuwa zimewahi kugandana kwa unyevu, na kalamu nyekundu ilipopita mwaka ule iliziruka zote mbili. Miaka yote hiyo hakuliona kosa hilo. Juno ya mchunaji ilikuwa digrii ya tatu ya Nge, na haikutazamana na Mirihi wala na kitu kingine chochote.

"Sikutia nyekundu," alisema.

"Nini?"

"Imevuka kwenda Nge. Sikutia alama. Mumeo hana chochote, mwanangu. Ni ndoa ya kawaida."

Binti alicheka, na damu mpya ikamtoka mdomoni.

Tulimwona mchunaji akiingia uani saa tisa na kitu. Ua ule una vyumba saba, bomba moja na kamba za nguo. Fundi viatu alikuwa kizingitini kwake na kazi mapajani, wengine tulikuwa bombani. Kisu kilikuwa mkononi, hakukificha. Alitusalimu, na hilo ndilo lililotutisha zaidi.

Mama Vijiwe angeweza kubaki ndani na komeo limefungwa mpaka askari waje. Lakini aliamini kosa likishaonyeshwa limekwisha. Kazini ndivyo ilivyokuwa: mhuri ukipotea unarudi nyuma, unahesabu upya, unapata. Alitoka na kitabu mkono mmoja na daftari mkono wa pili, akamwambia binti afunge komeo nyuma yake, akasimama mbele ya mlango.

"Baba, nilikosea mstari," alisema. "Njoo uone mwenyewe."

Na mchunaji aliona kweli. Alisogea, akainama, akafuata mistari kwa kidole chake kwenye kitabu kisha kwenye daftari, kama mtu anayesoma risiti. Kwa kitambo tulidhani yamekwisha.

"Na yule wa msumeno?" aliuliza. "Vidole vyake vilirudi?"

"Yule ulikuwa ukurasa mwingine. Ule hauna kosa."

"Wa watu wengine hauna kosa. Wa mwanao ndio una kosa."

"Angalia wino, baba. Ni wa chapa, wa zamani."

"Wewe ni mama yake. Ningekuwa wewe ningeandika hivyo hivyo."

Akakigonga kitabu kikaanguka. Mama Vijiwe akainua daftari mbele ya kifua kwa mkono wa kulia, na kisu kikapita kwenye jalada gumu, kikapita kwenye kurasa, kikatokea kiganjani. Mchunaji alikivuta kikatoka. Mara ya pili alikata kuanzia kwenye kiwiko kushuka mpaka kifundoni, kwa ule mkato wake mwepesi wa kazini, na ngozi ya mkono ikafunguka kama mkono wa shati. Tuliona mishipa myeupe. Mama Vijiwe hakupiga kelele. Alikaa chini na mgongo kwenye mlango, akaupitisha mkono uliobaki mzima kwenye pete ya kitasa. Alipigwa teke la shavu, kichwa kikagonga mbao, lakini kitasa hakukiachia. Ndani binti alikuwa ameshaondoa komeo, akiusukuma mlango kwa ngumi, akiomba apishwe.

Fundi viatu ndiye aliyetutoa aibu. Aliinuka na kile chuma chake cha miguu mitatu cha kugongea viatu, akampiga nacho mchunaji nyuma ya sikio. Mchunaji akapiga goti. Sisi tuliokuwa tumesimama tangu mwanzo na ndoo zetu, sasa tukawa mashujaa. Alipigwa kwa ndoo, kwa tofali, kwa mpini wa jembe. Mguu wake wa kulia ulivunjika mahali pawili, na mwenye kuuvunja alikuwa mwalimu wa watoto wadogo, mtu ambaye hata kuku hachinji. Kisu kilipigwa teke kikaingia mtaroni. Kuna aliyekwenda kutafuta mafuta ya taa.

Walimsogeza Mama Vijiwe, mlango ukafunguka. Binti alitoka na pasi yake ya chuma, ile nzito ya mkaa. Watu wakampisha. Alimsimamia mumewe, akautafuta ule mkono uliozungusha gurudumu, akaukanyaga kifundoni ukatulia kwenye saruji, akauangushia pasi mara moja. Mifupa ilisikika. Kisha akaiweka pasi chini taratibu.

"Basi," alisema. "Huyo wa mafuta arudi nayo. Akifa hapa nitakuwa mjane wake mpaka kufa kwangu. Leteni askari."

Kesi ilikwisha kwa miezi mitano. Mchunaji alijitetea kwamba aliambiwa na mkwe wake mwenyewe, mtu asiyekosea, na machinjio yote yalikuwa shahidi. Hakimu akamuuliza Mama Vijiwe kama ni kweli. Alisema ni kweli. Akaeleza kuhusu kalamu ya bluu na kalamu nyekundu, akalionyesha daftari lenye tobo la kisu. Hakimu alilitazama, akamrudishia, akasema mahakama haifungwi na mawe ya mbinguni. Mchunaji alipewa miaka saba. Alipokuwa anashuka kizimbani kwa magongo, alimwambia mkewe kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba miaka saba si mingi.

Hilo ndilo neno ambalo Mama Vijiwe hakulisahau. Alikwishajua kuwa mkwewe hakutaka kujua kama ameibiwa mke. Alitaka kuambiwa ameibiwa, na yeye ndiye aliyempa karatasi. Binti alipomwambia anahama, kwamba kuna mji ambako rafiki yake ana karakana ya kushonea, Mama Vijiwe alimziba mdomo kwa mkono wa kushoto kabla hajautaja.

"Usiniambie," alisema. "Siku atakayotoka atakuja kwangu kwanza. Nisiwe na la kusema hata nikitaka."

Waliagana chumbani, hakumsindikiza hata mpaka njiani, asije akaona amepanda gari gani. Cherehani ilifungwa kwenye gunia. Mkono wa kulia wa Mama Vijiwe ulikuwa umekufa tangu kiwiko, vidole vimejikunja, kwa hiyo binti mwenyewe ndiye aliyelikaza lile gunia kwa meno na mkono mmoja, maana kiganja kilichochomwa sindano kilikuwa bado hakikunji.

Mwaka wa pili ulikuja ujumbe kutoka gerezani. Mchunaji anaomba Mama Vijiwe amtembelee, na aje na kile kitabu. Tulimwambia asiende. Alikwenda, Jumapili, amevaa vizuri, hana kitabu. Walikaa pande mbili za wavu. Mchunaji alikuwa amekonda, anachechemea, na adabu zake zote alikuwa nazo. Alimwamkia, akamuuliza hali ya mkono.

Kisha akasema amefikiri sana, na amekubali kwamba mstari ulikosewa. Sasa anataka asomewe ule sahihi. Anataka kujua ndoa yake imesimama wapi, na mkewe yuko upande gani wa nchi.

"Sisomi tena, baba."

"Kwangu tu."

"Nikikusomea jema utasema ninamlinda. Nikikusomea baya utaliamini kabla sijamaliza."

Mchunaji aliusogeza uso mpaka nyaya zikamwachia alama kwenye paji.

"Mama, uko wapi huo mji? Wewe huujui, sawa. Vijiwe vinaujua."

Maisha yake yote, tangu siku alipofungua zile kurasa safi za nyuma, Mama Vijiwe alikuwa hajawahi kulitamka neno alilolitamka pale.

"Havijui," alisema. "Havikujua hata siku ile. Nilisema mimi, nikakosea."

Mchunaji alimtemea mate kupitia wavu. Askari wakamwinua. Alipokuwa akivutwa alipiga teke kiti, akampiga askari mmoja kwa kichwa puani, wakamshukia kwa virungu mbele ya wageni wote, na Mama Vijiwe alikaa pale pale mpaka walipomaliza, kisha akatoka na kupanga mstari wa gari la kurudi.

Bado anaishi kile chumba. Imebaki miaka mitatu mchunaji atoke. Amebadilisha mlango, akaweka wa bati nene. Mara mbili kwa mwaka namba ngeni hupiga simu yake, kila mara namba nyingine, huita mara moja na kukatika. Haipokei wala hapigi. Huifuta ile namba mara moja, kabla jicho halijaishika.